Kagera: Je, Haki Iliishia Mutukula?

Katika madarasa yetu ya falsafa, mifano ya vita vya haki ni ileile: Vita Kuu ya Pili, Vietnam, Iraki. Kagera haitajwi. Lakini hapa Landover, ukiwauliza wazee wa Kitanzania au wa Kiganda, chai itapoa kabla hawajamaliza kusimulia. Hata neno "nduli" tulilipata kwao, si kitabuni. Basi sisi wawili, mmoja mwenye asili ya Bukoba na mwenzake ya Masaka, tumeona tuwaletee mfano wa nyumbani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, yakaua raia, yakapora ng'ombe na kubomoa daraja la Kyaka. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni yake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga Amin wanao, sababu wanayo na nia wanayo.

Ajabu ni kwamba mambo hayo matatu yanakaribiana sana na maswali ya wanafalsafa: sababu ni ya haki? Nia ni njema? Kuna matumaini ya kushinda? Kujihami kunaruhusiwa na Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mpaka hapo hatukubishana.

Ubishi ulianza Januari 1979. Wavamizi walikuwa wameshatimuliwa Kagera, ila Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutaka kumlaani Amin. Jeshi la Tanzania likavuka mpaka, likauteka mji wa Mutukula, na tarehe 11 Aprili likaingia Kampala. Nyerere alieleza kuwa vita ni viwili: Watanzania wanalinda nchi yao, Waganda wanamwondoa dikteta wao. Maelezo mazuri, lakini waliobeba sehemu kubwa ya vita hivyo vya pili ni Watanzania. Isitoshe, wapiganaji wa Obote walioivamia Uganda mwaka 1972 walitokea Tanzania. Kwa hiyo nia ya kumwondoa Amin haikuzaliwa Kagera. Nimeiry wa Sudan alilalamika waziwazi katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979.

Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1977, anakubali kuingilia nchi nyingine pale watawala wanapowachinja watu wao. Kwa kipimo hicho Tanzania ingeweza kujitetea kirahisi, lakini Nyerere hakutaka kuisimamisha kesi yake hapo. Nadhani aliogopa mlango ambao wengine wangeupitia baadaye.

Mwenzangu wa Masaka anasema hayo ni maswali ya watu walioshiba: Waganda waliwapokea askari wale kwa shangwe, na hiyo inatosha. Mimi nakubali kuvuka kulikuwa halali, kwa kuwa Amin aliyeachwa na jeshi lake angerudi. Kinachonikwama ni Mutukula yenyewe: askari wetu waliubomoa mji ule kulipiza kisasi, na raia wakauawa. Sababu ya haki haikuwalinda watu wale. Nilipomwambia hivyo, alinyamaza, kisha akaniuliza ningewashauri wasimame wapi, na nani angewaambia wa Kampala kwamba zamu yao haijafika.