Tambarare: Neema na Hatari Yake

Ndugu mwanafunzi, tambarare ni nchi pana iliyo sawasawa. Nyingi zimejengwa na mito. Tazama Bangladesh, barani Asia. Mito ya Ganges na Brahmaputra huteremsha udongo kutoka milima ya Himalaya. Ikifika nchi tambarare mwendo hupungua, na udongo hutuama. Ndiyo maana mpunga hustawi huko na watu ni wengi.

Lakini ardhi ya chini haizuii bahari. Novemba 1970 kimbunga kilisukuma maji hadi nchi kavu. Inakadiriwa walikufa watu 300,000 au zaidi. Baadaye yalijengwa majengo imara ya kukimbilia, na watu huonywa mapema. Vifo vimepungua sana.

Basi, akaaye tambarare apande mpunga, lakini ajue pa kukimbilia.