Maji, Taa na Uji wa Shule: Nani Hulipa Gharama ya Nishati?

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Soweto, hapa mjini Moshi, hufungua bomba asubuhi ukakinga ndoo yako bila kujiuliza maji yale yamefikaje nyumbani. Jioni hupita barabarani ukatazama kama taa inawaka au imekufa. Mchana mtoto wako hupata uji au makande shuleni. Maji, taa na chakula cha shule huonekana kuwa mambo matatu mbalimbali, lakini yote yanategemea nishati, na nishati ina bei. Tatizo ni kwamba si kila bei huandikwa katika vitabu vya halmashauri.

Siku hizi wananchi husikia mengi juu ya nishati safi na matumizi bora ya umeme. Wapo wasemao ni mambo ya gharama kubwa yasiyofaa kwa halmashauri zetu. Wapo pia wasemao ni akiba tupu. Makala haya yanakusudia kuzipima kauli hizo mbili, kwani fedha zinazozungumzwa ni zako na zangu.

MAJI YASHUKAYO YENYEWE

Tuanze na jambo ambalo Moshi inalo tayari. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika chemchemi, zikiwamo za Nsere na Shiri, zilizo juu kuliko mji. Maji hushuka kwa mteremko bila kusukumwa na pampu. Wazee wa Kichagga waliijua hekima hiyo kabla ya ukoloni, wakachimba mifongo iliyoyapeleka maji ya mtoni hadi kwenye vihamba vyao.

Faida yake yaweza kuhesabiwa. Kupandisha lita 1,000 za maji kwenda juu mita 100, kwa pampu ya kawaida, huhitaji karibu nusu uniti ya umeme. Mji unaopandisha lita milioni kumi kwa siku kwa kimo hicho utatumia kati ya uniti 4,000 na 5,000 kila siku, hata Jumapili. Maji ya chemchemi hayana ankara hiyo. Hali kadhalika majitaka ya Moshi husafishwa katika mabwawa, ambamo jua, hewa na vijidudu hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mitambo ya umeme.

Lakini mteremko nao una bei yake, nayo ni msitu. Wengi hudhani maji yetu hutoka kwenye barafu ya Kibo. Kwa hakika sehemu kubwa hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima, kisha yakazama ardhini na kuibuka chini kama chemchemi. Ndiyo maana mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili, ili watu wa mlimani wapate kuni na mbao bila kuingia msitu wenyewe, na mwaka 2005 msitu huo ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

HESABU YA TAA MOJA

Tuje kwenye taa za barabarani. Chukua, kwa mfano, taa ya zamani ya sodiamu yenye wati 250. Ikiwaka saa 12 kwa usiku hutumia uniti 3. Taa ya kisasa aina ya LED yenye wati 100 yaweza kuangaza barabara ile ile kwa uniti 1.2. Tofauti ni uniti 1.8 kwa usiku, yaani uniti 657 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, taa moja huokoa shilingi 191,844 kwa mwaka. Taa 100 huokoa zaidi ya shilingi milioni 19.

Mbona basi halmashauri hazibadilishi taa zote kesho? Jibu ni kwamba gharama huja yote siku moja, bali faida huja kidogo kidogo kwa miaka. Diwani anayepitisha bajeti huiona bei ya taa mpya leo, wakati akiba itaonekana pengine baada ya yeye kumaliza muda wake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinataka mwenye subira na mwenye kuandika hesabu.

KUNI ZISIZOMO KITABUNI

Jambo lililo gumu zaidi liko jikoni mwa shule. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Mwalimu mkuu akipiga hesabu ya gesi huogopa. Yahitajika mitungi mikubwa, mabomba, majiko na mafunzo ya wapishi, na gesi ikiisha hununuliwa kwa fedha taslimu. Kuni, kwa upande wake, huonekana kama za bure. Je, ni za bure kweli? Katika shule nyingi mtoto ameagizwa kwenda na kuni, au mzazi ametoa mchango wa kuzinunua. Mpishi amelipa kwa macho na kifua chake. Msitu nao umelipa, na kwa hiyo chemchemi. Gharama ilikuwapo siku zote, ila ilikuwa mabegani mwa mtoto na mama yake badala ya kuwa katika kitabu cha halmashauri.

Hapo ndipo penye hatari. Shule ikihama kutoka kuni kwenda gesi bila halmashauri kutenga fedha, mchango wa mzazi utapanda, na asiyeweza kulipa mtoto wake atakaa na njaa. Njia za kati zipo. Jiko lililojengwa vizuri laweza kupunguza kuni kwa nusu likilinganishwa na mafiga matatu. Shule ya bweni yenye ng'ombe yaweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi. CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kimeieneza teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Lakini mtambo huo nao hudai samadi na maji kila siku, na mtu wa kuutunza.

USIPOZIBA UFA

Nishati safi isiyotunzwa ni hasara tupu. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mtambo wa umeme wa maji wa Kikuletwa, wenye uwezo wa kilowati 1,160, ulijengwa katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1980 ulisimama, ijapokuwa mto uliendelea kutiririka. Baadaye ulikabidhiwa kwa Chuo cha Ufundi Arusha. Hali ni hiyo hiyo kwa zahanati inayotegemea jua kuendesha jokofu la chanjo, ambayo hudai baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Paneli hudumu miaka 20 au zaidi, lakini betri za kawaida huchoka baada ya miaka michache. Asiyetenga fedha ya betri siku anaponunua paneli amenunua mapambo ya paa.

MASWALI YA MWANANCHI

Hapana shaka faida ipo, tena kubwa, kwa halmashauri inayohesabu kwa miaka kumi badala ya mwaka mmoja. Mkutano wa mtaa utakapoitishwa, ndugu msomaji, nenda ukaulize maswali matatu. Kwanza, gharama ya sasa inalipwa na nani, hata ile isiyoandikwa? Pili, fedha za matengenezo zimetengwa wapi? Tatu, akiba itakayopatikana itapelekwa wapi: kwenye madawati, dawa au chakula cha watoto?

Akiba isiyojulikana inakwenda wapi huyeyuka kama ukungu wa mlimani. Mwenye kuizuia isiyeyuke ni mwananchi anayehudhuria mkutano na kudai kusomewa hesabu.