Mposaji ni Mali

Wako waonao kwamba hadithi za uchumba ni za kupotezea wakati, na kwamba mtu aliyeshinda kazini hana haja ya kusoma habari za mabibi wa Kiingereza wanywao chai sebuleni. Sisi hatukubaliani nao. Kitabu cha Jane Austen kiitwacho Sense and Sensibility, kilichopigwa chapa mwaka 1811, chasimulia habari za madada wawili, Elinor na Marianne Dashwood, na wanaume waliowapenda. Lakini asomaye kwa makini ataona kuwa nyuma ya kila posa pana hesabu ya pauni.

Hesabu yenyewe yaanza na wosia. Mzee mwenye shamba kubwa la Norland, huko Sussex, alitunzwa na mpwa wake, Bwana Henry Dashwood, pamoja na mke na mabinti watatu. Alipokufa ilionekana kuwa amelifunga shamba lile lisiuzwe wala kugawanywa, ili limfikie John, mtoto wa Henry kwa mke wa kwanza, kisha mwana wa huyo John, mtoto wa miaka minne aliyempendeza mzee kwa utundu na makelele yake. Mabinti waliomtunza waliachiwa pauni 1,000 kila mmoja. Haukupita mwaka, Henry naye akafariki, na kabla ya kukata roho akamwapisha John awaangalie mama yake wa kambo na dada zake.

John alikuwa tajiri tayari. Akaazimia kuwapa dada zake pauni 3,000. Mkewe, Fanny, akaanza kumsemesha. Kwanza zikapunguzwa nusu. Kisha ikaonekana afadhali mama apewe pauni 100 kila mwaka; lakini Fanny akamwonya mumewe kwamba wenye posho ya kila mwaka hawafi upesi. Basi iwe pauni 50 mara moja moja. Mwisho wa mazungumzo, kiapo alichoapishwa na baba aliye kitandani pa mauti kimekuwa msaada wa kuhamisha vyombo, na zawadi ya samaki na nyama ya mawindo inapopatikana. Hakuna aliyepaza sauti, na John ametoka pale akijiona mtu mwema. Tumesoma habari nyingi za dhuluma, lakini chache zilizoonyesha jinsi dhuluma itendwavyo kwa adabu kama hii.

Fanny anaye ndugu, Edward Ferrars, ampendaye Elinor. Edward amesoma Oxford na hana kazi. Si kwamba ni mvivu: alitaka ukasisi, jamaa wakaona hauna fahari; wao wakataka jeshi, yeye hakutaka; wakabishana hata miaka ikapita. Mali aliyoacha baba imo mkononi mwa mama, naye humpa amtakaye. Kijana asiye na kazi wala mali yake mwenyewe hana hata ulimi wake mwenyewe. Na ndiyo sababu Edward huonekana mzito wa maneno kila afikapo kwa kina Elinor.

Mama amekwisha kumchagulia Bibi Morton, binti wa lodi, mwenye pauni 30,000. Msomaji na akumbuke kuwa desturi ya Waingereza wa siku zile ilikuwa kinyume cha yetu: bibi arusi ndiye aliyekwenda na mali, na sheria iliiweka chini ya mume, haikubadilishwa barabara mpaka mwaka 1882.

Kumbe Edward amekwisha kumwahidi kwa siri, miaka minne nyuma, msichana maskini aitwaye Lucy Steele. Siri ilipofichuka mama akampa hiari: amwoe Bibi Morton apewe shamba la Norfolk lenye pato la pauni 1,000 kwa mwaka, au aende zake, naye mama atamzuia asipate kuendelea katika kazi yoyote. Mapenzi kwa Lucy yalikuwa yamekwisha, lakini Edward hakuvunja neno lake. Shamba likaandikwa kwa mdogo wake, Robert.

Mtazameni Willoughby, mpenzi wa Marianne, aliyetakiwa neno lile lile moja. Alimwacha Marianne akaoa pauni 50,000, na baadaye akajua kuwa lau angetenda haki, bibi yule mzee aliyetarajia kumrithi angemsamehe.

Mwandishi hakubuni mambo haya kwa mbali. Baba yake alipokufa mwaka 1805, yeye, mama yake na dada yake waliishi kwa msaada wa ndugu zake wanaume. Ndiyo maana wokovu wa Edward katika kitabu si urithi bali ni kazi: Kanali Brandon alimpa ukasisi wa Delaford, pauni 200 kwa mwaka. Na aliyetumwa kumpelekea habari hiyo ni Elinor, akidhani kwamba anamwezesha kumwoa Lucy.

Lucy naye, wengi humlaani. Sisi twaona kuwa alijifunza hesabu ya matajiri akaifanya vizuri kuwapita: alipoona shamba limehama, na yeye akahama. Mama alimsamehe Robert, akaja kumpenda Lucy pia. Edward alipomwoa Elinor, mama akampa pauni 10,000. Lakini lile shamba la Norfolk, alilonyang'anywa kwa kosa la kutaka kumwoa Lucy, lilibaki kwa Robert aliyemwoa.