Samaki wa kuoka: mlo wa jioni usiomfunga mama jikoni

Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zilizozoea maisha ya pwani zimejikuta zikiishi katika uwanda mkavu, mbali na bahari. Zimekuja na vyombo vyao na mapishi yao, na katika mapishi hayo samaki ana nafasi yake ya heshima. Aliyedhani kwamba huku angemkosa amekuta sivyo. Sato na sangara wa Ziwa Viktoria hufika kwa njia ya Shinyanga na Singida, safari ya takriban kilomita 700 kutoka Mwanza. Perege na kambale huvuliwa Mtera, bwawa lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, na wengine hutoka Bwawa la Hombolo, karibu zaidi na mji.

Kwa hiyo samaki yupo, bali kinachokosekana ni wasaa. Wazazi wanaofanya kazi Mtumba au sokoni Majengo hufika nyumbani jua linapoelekea kuzama. Watoto nao wanarejea kutoka madrasa, wana njaa na wana kazi za shule. Hapa Dodoma Magharibi huingia kati ya saa 12 na nusu na saa 1 usiku kutegemea msimu, na Isha hufuata baada ya takriban saa moja na robo. Katika nafasi hiyo fupi familia inatakiwa iswali, ile, na watoto wasome.

Tuliozoea samaki wa kukaanga tunajua namna nafasi hiyo inavyopotea. Samaki wa watu sita hawaenei kwenye karai moja. Hukaangwa kwa awamu mbili au tatu, na mpishi hawezi kuondoka kwenye mafuta ya moto. Wenzake wanaswali kwa wakati, yeye yuko jikoni. Wenzake wanaanza kula, yeye anageuza kipande cha mwisho. Mara nyingi mtu huyo ni mama, ambaye naye ametoka kazini kama mwenziwe. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiihudumia familia yake nyumbani, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Mafunzo hayo yanatosha kutufanya tuutazame upya utaratibu wa majiko yetu.

Samaki wa kuoka anasaidia kwa sababu moja: kazi yake hugawanyika. Sehemu hufanywa usiku uliotangulia, sehemu hufanywa na yeyote anayetangulia kufika nyumbani, na iliyobaki huachiwa moto.

Kumchagua na kumtayarisha

Kwa watu sita chukua sato au perege watatu, kila mmoja wa takriban nusu kilo. Samaki mzuri ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza. Kwa kuwa amesafirishwa mbali, mwingi wa samaki wetu hufika akiwa amegandishwa. Huyo mtoe kwenye barafu siku moja kabla, umweke ndani ya bakuli katika sehemu ya chini ya jokofu, ayeyuke taratibu. Kumwacha mezani kutwa nzima katika joto la Dodoma ni kumharibu, na hakuna kiungo kitakachomrudisha.

Usiku, mpare magamba, mtoe matumbo na matamvua, mwoshe, kisha mkaushe vizuri kwa kitambaa safi. Mchanje mara tatu kila ubavu, hadi karibu na mfupa. Twanga pamoja punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Changanya na vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya alizeti, zao linalolimwa kwa wingi Dodoma na Singida. Kijiko kidogo kimoja cha bizari nyembamba. Nusu kijiko cha manjano. Nusu kijiko cha pilipili manga. Na vijiko vidogo viwili vya chumvi. Mpake samaki ndani na nje, ukiingiza viungo kwenye chanjo, umfunike na umrudishe jokofuni.

Ndimu au ukwaju usitie usiku huo. Ukali wake ukikaa muda mrefu huilegeza nyama, ikasagika inapoiva. Asiye na jokofu anunue samaki mbichi siku hiyohiyo, na amlaze katika viungo kwa nusu saa kabla ya kumpika. Hata hivyo ladha itaingia, kwa kuwa nyama ya samaki ni laini.

Jioni

Anayefika wa kwanza, awe baba, mama au kijana mkubwa, aloweke ukwaju wa ukubwa wa ngumi ndogo katika nusu kikombe cha maji ya moto kwa robo saa, aukamue na kuuchuja. Mkwaju ni mti wa nyika zetu hizi, na uchachu wake unapatana sana na samaki wa maji baridi. Atandaze kwenye trei vitunguu maji viwili na nyanya tatu zilizokatwa, awalaze samaki juu yake, na awamwagie ukwaju.

Oveni iwashwe mapema hadi ifikie nyuzi 200. Adhana ya Magharibi inapokaribia, trei iingie. Samaki wa nusu kilo huiva kwa dakika 25 hadi 30, muda unaotosha kuswali na kuleta nyiradi, na kwa walioko msikitini kurejea nyumbani. Ameiva ikiwa nyama ya karibu na uti wa mgongo imekuwa nyeupe na inaachana na mfupa kwa uma.

Nyumba isiyo na oveni haikosi njia. Tumia sufuria pana yenye mfuniko bapa, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama anavyopaliwa wali. Kazi hii ifanywe nje au penye upepo wa kutosha. Katika baridi ya Juni na Julai wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani na kufunga milango. Hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini.

Kando yake, wali unafaa. Lakini aliyehamia huku na ajaribu ugali wa mtama au uwele pamoja na mlenda, chakula cha wenyeji Wagogo. Mchuzi wa ukwaju uliobaki kwenye trei unatosha kuwa kitoweo cha ugali huo. Watoto wadogo wachambuliwe mifupa kabla ya kupewa, hasa kwa perege mwenye miiba midogo.

Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kula pamoja na kulitaja jina la Allah, kwa kuwa humo mna baraka. Basi ndugu msomaji, chagueni siku moja ya wiki hii, mpeane kazi mapema: nani anunue, nani apare magamba, nani aloweke ukwaju, nani aoshe vyombo. Sinia likishawekwa, msianze hadi mama naye awe ameswali na kuketi.