Mimba ya kwanza ughaibuni: Mkono mmoja haulei mwana

MTAANI Pioneer, mjini Eldoret, habari ya mimba ya kwanza haikawii kuvuka ua. Kabla binti hajatimiza miezi mitano, nyanya ameanza kusaga wimbi kwa ajili ya uji, shangazi anatafuta shali, na jirani aliyezaa watano amekwisha kutoa mawaidha ambayo hakuombwa. Saa ya uchungu ikifika, gari hutafutwa na kundi zima huandamana hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako kitengo cha akina mama na watoto kiitwacho Riley kilifunguliwa mwaka 2009. Wapo watakaokaa kwenye benchi nje usiku kucha. Hawana kazi ya kufanya pale. Wamekuja kwa sababu haifai mtu azae peke yake.

Sasa mchukue binti huyo huyo, umtoe Pioneer, umpeleke Leeds, Minneapolis au Riyadh. Ana kazi, ana chumba cha kupanga, na hospitali iliyo karibu naye ina mitambo ya kila aina. Asichokuwa nacho ni lile benchi.

Siku hizi familia nyingi za Eldoret zina mtu huko nje. Wapo wanafunzi, wanariadha, wauguzi na walezi wa wazee. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kufanya kazi huko, na wengi waliosafiri ni vijana walio katika umri wa kuanza kuzaa. Ndiyo maana suala hili si la walio ughaibuni peke yao. Linamhusu pia mzazi aliyebaki Pioneer na simu yake mkononi.

KLINIKI ISINGOJE TUMBO LIONEKANE

Huku kwetu akina mama wengi husubiri mpaka mimba ionekane ndipo waende kliniki. Ughaibuni tabia hiyo humgharimu mtu. Nchini Uingereza mja mzito hutakiwa kumwona mkunga kabla ya wiki ya 10. Hupimwa damu, pamoja na kuchunguzwa kama ana chembechembe za ugonjwa wa selimundu, kisha hupigwa picha ya tumbo kati ya wiki ya 11 na 14, na nyingine karibu na wiki ya 20. Mwenye mimba ya kwanza hupangiwa kama miadi 10. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mja mzito, popote alipo, amwone mhudumu wa afya angalau mara 8.

Swali la pili ni pesa. Uingereza, mwenye viza ya kazi au ya masomo hulipa ada ya afya anapoomba viza, na baada ya hapo huduma za uzazi hatozwi tena. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo. Aliyeingia kama mgeni wa kutembea ndiye hutozwa, na bili yake si ndogo. Hata hivyo, sheria inakataza hospitali kumfukuza mja mzito au kumchelewesha eti kwa sababu hajalipa. Marekani mambo ni tofauti. Huko kila kitu hutegemea bima, na yafaa mtu aisome bima yake kabla ya kushika mimba, ajue ni hospitali gani inazikubali karatasi zake na ni kiasi gani atatoa mfukoni mwake.

Likizo nayo ina hesabu zake. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Uingereza likizo hufika wiki 52, lakini malipo ya kisheria ni ya wiki 39 tu. Katika wiki 6 za kwanza mama hupata asilimia 90 ya mshahara wake, kisha hulipwa kiwango maalumu ambacho kwa wengi ni cha chini sana. Ili ayapate, lazima awe amemfanyia mwajiri huyo kazi kwa wiki 26 kufikia wiki ya 15 kabla ya tarehe ya kujifungua. Marekani, sheria ya mwaka 1993 huwapa baadhi ya wafanyakazi wiki 12 zisizo na malipo yoyote.

Ewe mzazi uliye Pioneer, zizingatie sana tarakimu hizo. Binti yako akiwa na mtoto wa miezi minne, huenda mapato yake yameshuka huku kodi ya nyumba ikiwa pale pale. Huo si wakati wa kumpigia simu kuhusu karo ya mpwa wake au mchango wa harusi.

MANENO YA NYANYA NA MANENO YA MKUNGA

Hakuna mja mzito wa ughaibuni ambaye hajajikuta kati ya sauti mbili. Nyanya anasema hivi kwenye simu, mkunga anasema vile kliniki.

Chukua mfano wa maini. Kwetu, mwenye upungufu wa damu huambiwa ale maini. Wakunga wa Uingereza humwambia mja mzito asiyaguse, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Madini ya chuma atayapata kwa maharagwe, nyama iliyoiva vizuri, mboga za majani na vidonge vya kliniki. Mursik pia wengi huitamani, lakini ikiwa imetengenezwa kwa maziwa mabichi yaweza kubeba viini vya kuharibu mimba. Yale mawe ya odowa ambayo wajawazito hutafuna yameshapata onyo huko Uingereza, kwa kuwa mawe ya jinsi hiyo yaliyopimwa yalikutwa na risasi na aseniki. Kwa hiyo wapendwa wa nyumbani wasiyafunge kwenye mzigo wa msafiri.

Halafu kuna kulala. Nyanya atasema mtoto alale kifuani pa mama, na tena alazwe ubavu. Mkunga atasema alale chali, katika kitanda chake, ndani ya chumba cha wazazi, kwa miezi 6 ya kwanza. Hii si kiburi cha Wazungu. Tangu kampeni ya kuwalaza watoto chali ilipoanza Uingereza mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua sana.

Lakini nyanya hashindwi katika kila jambo. Anaposema mama mzazi apumzike, apikiwe, aoshewe nguo na asiachwe peke yake kwa siku nyingi, anasema jambo ambalo mkunga hawezi kulitimiza. Pwani yetu desturi hiyo huitwa arobaini. Uingereza, mama aliyejifungua salama anaweza kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mkunga humtembelea kwa takriban siku 10, kisha huja mhudumu mwingine wa afya. Kati ya ziara hizo kuna usiku mrefu, baridi dirishani, na mtoto anayelia.

Hapo ndipo huzuni ya baada ya uzazi hupata mlango. Huduma ya afya ya Uingereza inasema zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi huipata katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Mama hulia bila sababu, hakosi usingizi kwa ajili ya mtoto tu bali hata mtoto akilala, na pengine huona kwamba hafai kuwa mzazi. Huu ni ugonjwa wenye tiba. Hajarogwa, wala si kwamba majuu yamemlegeza.

KUVUMILIA KUSIKOFAA

Mabinti wengi wa Bonde la Ufa wamelelewa kunyamaza wanapoumwa. Katika mbio za masafa marefu uvumilivu huo umetuletea medali. Katika wadi ya uzazi ya ugenini unaweza kuleta msiba. Ripoti za uchunguzi wa vifo vya wazazi nchini Uingereza zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wanawake weusi hufariki kwa kiwango kinachozidi maradufu kile cha wanawake weupe.

Kwa hiyo binti afundishwe mapema kusema, na kusema tena asiposikilizwa. Kuumwa sana na kichwa, kuona vimulimuli, kuvimba uso na mikono kwa ghafla, kutokwa na damu, homa, au mtoto kupunguza kucheza tumboni: lolote kati ya haya halingoji asubuhi. Apige simu hospitali saa hiyo hiyo. Akiwa na mtu wa kumsemea, afadhali zaidi.

Na mtu huyo apangwe mapema, kwa sababu hata mume huenda hayupo. Tangu Machi 2024 walezi wa wazee waliokwenda Uingereza hawakuruhusiwa kuandamana na mume wala watoto, na tangu Januari mwaka huo wanafunzi wengi nao wamezuiwa vivyo hivyo. Nyanya akitaka kwenda, viza ya kutembea humruhusu kukaa hadi miezi 6, lakini aeleze wazi kwamba anamtembelea mwanawe, kwani mgeni haruhusiwi kuajiriwa kazi ya yaya. Awe na bima ya safari pia. Akiugua huko, matibabu ni ghali.

Nyanya asipoweza kufika, benchi na litengenezwe huko huko. Waumini wa kanisa au msikiti, Wakenya wa mji ule na wenzake wa kazini wagawane siku tangu mapema: nani atampeleka hospitali usiku, nani ataleta chakula wiki ya kwanza, nani atamshika mtoto kwa saa mbili ili mama alale. Jambo hili litangulie kununua nguo na kitanda. Kuna wazee wasiopenda vitu vya mtoto vinunuliwe kabla hajazaliwa, na waheshimiwe, lakini nepi na kiti cha gari cha mtoto havina budi kuwepo.

KARATASI ZA MTOTO

Wengi hudhani mtoto akizaliwa Uingereza basi ni Mwingereza. Tangu Januari 1983 si hivyo, ila mzazi mmoja awe raia au ana kibali cha kuishi huko daima. Habari njema iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 inasema mtoto ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa iwapo mama au baba ni Mkenya, hata kama amezaliwa nje ya nchi. Kabla ya hapo, mama Mkenya aliyezaa nje hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Katiba hiyo pia inaruhusu uraia wa nchi mbili. Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe mapema, na huko England muda wa kuandikisha ni siku 42.

Kwa waendao Saudi Arabia onyo ni moja. Huko mimba nje ya ndoa ni kosa la jinai, na mtoto asiye na cheti cha ndoa cha wazazi wake huenda akakosa cheti cha kuzaliwa. Walio na ndoa wabebe cheti chao tangu safari ya kwanza.

Chanjo zisisahaulike. Kenya kila mtoto huchanjwa BCG ya kuzuia kifua kikuu akizaliwa, lakini Uingereza iliacha kuitoa kwa wote mwaka 2005. Mtoto ambaye mzazi au babu yake alizaliwa Kenya anastahili kuipata, hivyo mzazi aiulizie. Siku ya kuja kumwona nyanya, daktari aulizwe pia kuhusu malaria, hasa kama safari itafika Busia au Kisumu, maana mtoto wa ugenini hana kinga yoyote.

Nalo jina? Wakalenjin walilifikiria zamani. Mvulana aliyezaliwa mama akiwa safarini huitwa Kipruto, na msichana Cheruto. Wazee walijua kwamba wengine watazaliwa mbali na ua wa nyumbani, nao wakawatengea jina lao kamili, sawa na la aliyezaliwa mvua ikinyesha au ng'ombe wakirudi zizini.

Basi, nyanya wa Pioneer, ukipiga simu jioni ya leo, usianze na habari za shamba wala za mchango. Muulize kama amekula, kama amelala, na ni nani aliye naye chumbani. Akijibu kwamba hana mtu, usikate simu mpaka mmekubaliana ni nani atakayempigia hodi kesho.