Je, Wajua? Maaskofu, Nyumbu na Padre Aliyechafuliwa Jina

Je, wajua kwamba riwaya iliyowatukuza mapadre wamisionari wa Marekani kuliko nyingi iliandikwa na mwanamke asiyekuwa Mkatoliki? Willa Cather alilelewa katika familia ya Wabaptisti, akajiunga na Kanisa la Kiepiskopali mwaka 1922. Miaka mitano baadaye alitoa Death Comes for the Archbishop, kisa cha mapadre wawili Wafaransa waliopelekwa New Mexico, nchi ambayo Marekani ilikuwa imetoka tu kuinyakua kutoka kwa Meksiko.

Je, wajua kwamba mapadre hao waliishi kweli? Askofu Latour wa riwayani ni Jean-Baptiste Lamy, aliyefika Santa Fe mwaka 1851. Rafiki yake Vaillant ni Joseph Machebeuf, baadaye askofu wa kwanza wa Denver. Mengi Cather aliyapata katika kitabu cha maisha ya Machebeuf kilichoandikwa na padre Howlett mwaka 1908.

Je, wajua kwamba Lamy alipofika, mapadre wenyeji walikataa kumtambua? Walidai askofu wao yuko Durango, Meksiko. Basi akapanda mnyama akavuka jangwa, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu, akafuate uthibitisho.

Je, wajua kwamba riwaya hii haina fumbo la kufumbuliwa wala msuko unaopanda hadi kilele? Cather alitaka iwe kama michoro ya ukutani ya mchoraji Puvis de Chavannes kuhusu Mtakatifu Genoveva, ambamo kila tukio lina uzito sawa na jingine. Wapo wanaochoka njiani. Mimi naona hapo ndipo ustadi wake ulipo: Vaillant akimbembeleza tajiri mpaka ampe nyumbu wake wawili weupe, Contento na Angelica, hupewa nafasi sawa na mambo makubwa ya Kanisa, nawe unasoma ukiamini kuwa maisha ya mmisionari yalikuwa hivyo hasa.

Je, wajua kwamba Cather aligeuza mpangilio wa vifo? Riwayani Vaillant anatangulia, Latour anabaki na upweke wake. Kihistoria Lamy alifariki Februari 1888, Machebeuf akamfuata 1889. Mabadiliko haya hayamdhuru mtu.

Yapo yanayodhuru. Je, wajua kwamba askofu alipewa jina la kubuni, lakini mpinzani wake akaachiwa jina lake halisi? Padre Antonio José Martínez wa Taos anachorwa kama mlafi, mzinzi na mchochezi wa uasi wa Taos wa 1847 dhidi ya utawala wa Marekani, aliyewahadaa Wahindi wa Taos akajipatia mashamba yao walipohukumiwa kunyongwa. Tuhuma hiyo haijathibitishwa. Martínez wa kweli alifungua shule Taos, akaandaa vijana kwa upadre, akatumia mtambo wa kwanza wa uchapaji wa New Mexico kuchapa vitabu vya wanafunzi. Alipinga mafungu ya kumi kutozwa maskini, na ugomvi wake na Lamy juu ya hilo ukaishia yeye kutengwa na Kanisa. Msomaji wa New York au London angemjulia wapi, kama si katika riwaya hii? Mwandishi aliyeweza kumbuni Latour angeweza kumbuni na huyu. Hili ni kosa zito, na uzuri wa nathari haulifuti.

Je, wajua kwamba skauti maarufu Kit Carson naye yumo kwa jina lake, tena kama rafiki mpole wa askofu? Mwaka 1863 na 1864 Carson aliongoza kampeni iliyoteketeza mazao ya Wanavajo, maelfu yao wakaswagwa kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo. Cather hakulificha hilo. Kurasa za mwisho zinalaani uhamisho huo na kushangilia kurejea kwao, ambako mkataba wa 1868 uliruhusu. Amemtendea haki Carson kwa kuonyesha pande zake mbili. Martínez hakupata bahati hiyo.

Je, wajua kwamba kanisa kuu ambalo Latour analiota lipo? Lamy alianza kulijenga Santa Fe mwaka 1869, kwa mtindo wa Kiromanesque wa kwao Ufaransa, kuta mpya zikilizunguka kanisa la zamani la udongo ambamo wenyeji walikuwa wakisali. Minara yake haikupata vilele hadi leo. Lamy amezikwa humo.