Kuua kwa Kasoro ya Nafsi: Je, Hatia Hupungua?

Mtu anapoua, sisi huuliza kwanza: je, alikusudia? Lakini liko swali la pili lililo gumu zaidi: je, aliweza kujizuia?

Zamani sheria ya Uingereza iliutambua wazimu tu. Kwa kanuni za mwaka 1843, mshtakiwa alikubaliwa kuwa na wazimu ikiwa hakujua alitendalo, au hakujua kuwa ni kosa. Yule aliyejua yote hayo, lakini kasoro ya nafsi ikamshinda, hakuwa na pa kukimbilia. Mtu huyo hapayuki njiani. Kasoro imo katika hulka yake, katika namna anavyohisi na anavyotamani.

Mwaka 1957 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Mauaji. Kifungu cha 2 kilisema kwamba ikiwa kasoro ya akili imepunguza sana dhima ya mshtakiwa, hatia ishuke hadi ile nyepesi iitwayo kuua bila kukusudia.

Je, kasoro ya nafsi nayo imo? Jibu lilitoka mwaka 1960 katika kesi ya Byrne, aliyemnyonga msichana katika bweni mjini Birmingham. Madaktari walieleza kuwa alisukumwa na tamaa za kikatili zilizokuwa vigumu mno kuzizuia. Jaji Mkuu, Lord Parker, aliamua kwamba akili si kujua tu. Ni pamoja na nguvu ya kujitawala.

Basi, Byrne alikwenda nyumbani? La, hasha! Jina la hatia lilibadilika, kifungo cha maisha kikabaki. Faida ni kwamba katika kuua kwa kukusudia adhabu imekwisha kupangwa na sheria. Katika hatia nyepesi jaji hupima mwenyewe: gereza au hospitali, na kwa muda gani.

Wala mlango huo si mpana. Mshtakiwa ndiye mwenye kuthibitisha. Tangu mwaka 2010 sharti ugonjwa uwe unaotambuliwa na waganga, tena uwe ndio unaoeleza kwa nini aliua. Ulevi wa kujitakia peke yake si udhuru.

Wengi wenye kasoro hizi hawamdhuru mtu. Lakini aonaye ghadhabu zinamshinda nduguye na ampeleke kwa daktari mapema. Mahakama hupima hatia, haimrudishi marehemu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.